Nani Aliuwasha Mshumaa wa Maktaba ya Kumbaro

Anayetaka kusikia habari hii akae atulie, na aliyeacha kitu jikoni akakiepue kwanza, maana sitarudia.

Hapo kale maktaba ya Kumbaro haikuwa gofu. Ninyi mnaoicheza nchi ile kwenye skrini mnaijua ilivyo leo. Mlango umeinama kwenye bawaba moja, vitabu vimefunikwa na vumbi jeupe, hakuna mtu hata mmoja, lakini mshumaa unawaka juu ya meza kana kwamba mwenyewe ameinuka sasa hivi. Mnaulizana ni nani aliyeuwasha. Enzi hizo usingekuwa na haja ya kuuliza. Ungefungua mlango ungekuta nusu ya mji imo humo ndani, na kelele zao ungezisikia tangu kisimani.

Waundaji walioitengeneza Kumbaro walikuwa watu wa haraka. Walimpa kila mtu kazi moja na sentensi moja, wakaona inatosha. Sikitu alipewa tanuri la mikate na maneno haya: "Karibu mgeni, mkate ni wa leo." Fundi Pandu, mhunzi, alipewa "Panga, jembe, au shoka?" Mzee Shomvi, mtunza maktaba, alipewa "Taratibu, vitabu vimelala." Msafiri akimkaribia mtu, sentensi ilimtoka yenyewe kama chafya, atake asitake. Na Wasafiri ndio ninyi, au tuseme ndio wale mnaowaendesha kwa vidole, watu wenye viatu vizito wanaotoka ng'ambo ya skrini kuja kutafuta vitu.

Walipofika kwenye maktaba, Waundaji walikuwa wamekwisha kuchoka. Madirisha waliyachora kwa nje tu, kwa hiyo ndani kulikuwa giza hata saa sita mchana, na watu walisoma kwa mshumaa. Lakini vitabu vilikuwa vya kweli, na hapo ndipo watu wa Kumbaro walipopata maneno ya ziada. Mtu alisoma kitabu, maneno yake yakamwingia, akatoka nayo kinywani. Sikitu alipata maneno yake kwenye kitabu cha kilimo na kwenye kitabu cha safari za majangwani, na ndiyo sababu aliweza kuzungumza na kulalamika kama mtu mwingine yeyote. Mzee Shomvi alikuwa amesoma vingi kuliko wote. Siku yake ya furaha ilikuwa ile ambayo watu wamejaa mpaka wanasomea sakafuni, mmoja anacheka, mwingine anamsomea mwenzake kwa sauti, naye anapita katikati na birika la chai akiwaambia wapunguze sauti, huku akiomba kimoyomoyo wasipunguze.

Sikitu alikuwa na binti, Mwaija. Mtoto huyu Waundaji hawakumpa hata hiyo sentensi moja. Alikuwa mtoto wa kukimbia kuzunguka kisima, basi, na ndiye mtoto pekee mjini. Wasafiri walipenda kumwona akikimbia. Hakuna aliyejiuliza kama anachoka. Sikitu alianza kumpeleka maktaba kwa sababu ya miguu yake tu, apate kuipumzisha wakati unga unaumuka. Mtoto akashika kitabu chekundu cha wadudu, akatazama picha, akafuata herufi kwa kidole siku baada ya siku, mpaka akafika ukurasa wa mchwa, palipoelezwa habari za yule mama yao anayekaa chini kabisa ya kichuguu. Akainua uso, akamtazama Sikitu, akasema, "Mama."

Mtoto akasema tena. Kabla mkate haujaiva alikuwa amekwisha kumwita mama kwa habari ya nyenje, na mama kwa habari ya siafu, na mama, mbona kipepeo hana masikio, mpaka Sikitu akasema, "Mwaija, hebu nipe nafasi nipumue." Lakini alisema hivyo huku akicheka, na jioni ile mikate yake iliungua kidogo, asijali.

Shida ilikuwa Wasafiri. Hawakupiga hodi. Waliingia nyumba yoyote wakati wowote, wakaruka juu ya meza bila sababu, wakavunja mitungi kuona kilichomo, na kila walichokiona walikitia mkobani. Mkoba wenyewe ulikuwa mdogo kama wa kwendea sokoni, lakini ungeweza kumeza farasi na tandiko lake. Siku walipoigundua maktaba, walianza kuchukua vitabu. Na kitabu kilipoingia mkobani mwa Msafiri, maneno yote ambayo watu waliyapata humo yaliondoka pamoja nacho.

Walilijua hilo kupitia Fundi Pandu. Pandu alikuwa amesoma kitabu cha mashairi kwa siri, kwa ajili ya Zena muuza maziwa. Asubuhi moja akavaa kanzu iliyopigwa pasi, akamsimamisha Zena sokoni mbele ya watu, akaanza. "Zena, tangu nikuone, usingizi umenihama. Macho yako ni kama..." Wakati huohuo, huko maktaba, Msafiri mmoja alikitupa kile kitabu mkobani. Pandu akabaki kinywa wazi. Akatafuta maneno, akayakosa. Mwishowe akasema kwa sauti ya unyonge, "Panga, jembe, au shoka?"

"Nipe shoka," alisema Zena, "nijue la kukufanya." Akabeba ndoo yake akaenda zake.

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Sikitu naye alicheka, kisha kicheko kikamkatika, kwa sababu alikuwa amekumbuka kile kitabu chekundu. Alikwenda moja kwa moja kwa Mzee Shomvi kumwuliza kama kuna kitabu kingine chenye neno lile la Mwaija. Mzee Shomvi akapekua rafu zote. Kulikuwa na vitabu vya vita, vya ramani, vya dawa, vya ufugaji wa mbuzi. Waundaji walikuwa wamewaandikia watu wa Kumbaro namna tele za kuua joka, lakini neno "mama" lilikuwa limeandikwa mahali pamoja tu, kwenye ukurasa wa mchwa.

"Basi tukifiche," alisema Sikitu.

"Tukifiche wapi? Wanafungua hata vizimba vya kuku," alisema Mzee Shomvi.

Watu wa mji wakakutana, na hapo walifanya kosa ambalo wao tu wangeweza kulifanya. Walisema mgeni anapochukua kitu bila kuomba, maana yake hakukaribishwa vizuri. Kwa hiyo wakaongeza ukarimu. Waliweka meza mlangoni mwa maktaba, wakapanga mikate, asali, maziwa na mitungi iliyofunikwa vizuri. Wakavipangusa vitabu vyote, wakawasha mishumaa kila pembe, wakasimama mstari mmoja kupokea wageni. Msafiri aliyefuata alichukua mikate, asali, maziwa, mitungi, mishumaa, rafu nzima ya vitabu vya dawa, na alipokuwa akitoka akaichukua na ile meza. Wao wakabaki mstarini, mmoja anamkaribisha, mwingine anamwambia vitabu vimelala, Pandu akimwuliza habari ya mashoka.

"Nadhani asali haikutosha," alisema Mzee Shomvi.

Sikitu alikuwa akifikiria jambo aliloliona siku za nyuma akalipuuza. Kila alipokuwapo dukani, Wasafiri walimchukulia mikate mbele ya macho yake, naye akisema, "Karibu mgeni, mkate ni wa leo," kama vile anawasaidia kuiba. Lakini kuna siku alikuwa nyuma akipasua kuni, na Msafiri akaingia akakuta duka halina mtu. Kulikuwa na kisu, mkate uliokatwa nusu, na kikombe cha chai kinachotoa moshi. Sikitu alimchungulia kwenye ufa wa ukuta. Msafiri hakuruka. Alikitazama kile kikombe, akageuka huku na huku kama mtu anayetafutwa, kisha akatoka polepole bila kugusa hata makombo.

Akawaambia, "Wakituona, wanafikiri sisi ni sehemu ya vyombo. Wasipotuona, ndipo wanapojua kuna mwenye nyumba. Tuwaachie maktaba tupu."

Mzee Shomvi alishika kichwa. "Sikitu, unajua unasema nini? Mgeni aingie asikute mtu, asipewe hata maji? Tutamtazama nani usoni?"

"Hutamtazama mtu, Mzee wangu. Utakuwa nyuma ya rafu."

Walibishana sana, lakini hakuna aliyekuwa na shauri jingine, na ukweli ni kwamba walipoanza kuichafua maktaba walisahau kabisa kwamba walikuwa na huzuni. Mji mzima ulifurahi kama watoto siku ya sikukuu. Vumbi halikuwapo, kwa kuwa Mzee Shomvi alikuwa amepangusa kila siku ya maisha yake, kwa hiyo Sikitu akaleta gunia la unga wa ngano akachekecha juu ya rafu kwa chekecheo lake. Zena alifumua sufi ya mto wake, akaivuta pembeni mwa dari ikawa utando wa buibui, na Mwaija akamsahihisha kwamba buibui gani huyo, asiyejua hata kusuka utando. Pandu aliambiwa aung'oe mlango kwenye bawaba moja. Alikuwa ameutengeneza mwenyewe, akaupiga nyundo huku amefumba macho.

Ikabaki habari ya sentensi. Wakijificha ndani na Msafiri akasogea karibu, zingewatoka tu, na mchezo ungekwisha. Hilo nalo Sikitu alikuwa amekwisha kulifikiria. Alikuja na kikapu cha mikate migumu ya jana, akampa kila mtu kipande kikubwa.

"Akiingia tu, jazeni vinywa. Asiyeweza kutafuna aung'ang'anie hivyohivyo."

Hawakuwa hata wamekwisha kupanga nani atasimama wapi walipomsikia Msafiri akija, viatu vyake vikigonga mawe ya barabara, anaruka, anaruka. Wakakimbilia nyuma ya rafu za mwisho, wakabanana, wakajaza mikate vinywani. Mwaija pekee ndiye aliyekuwa na kinywa kitupu, kwa kuwa yeye hakupewa sentensi ya kuzuia. Sikitu akamshika mbele yake kwa mikono miwili. Hapo ndipo alipochungulia na kuona mambo mawili. Mzee Shomvi, katika haraka yake, alikuwa amesahau kuzima mshumaa. Na chini ya ule mshumaa, juu ya meza, kitabu chekundu kilikuwa wazi, mahali alipokiacha Mwaija.

Msafiri akaupiga mlango teke. Akaingia akiruka, akafika mezani, akakiona kitabu, na mkono wake haukusita hata kidogo. Kitabu kikaingia mkobani.

Mwaija aligeuka akamtazama Sikitu. Akafungua kinywa. Midomo yake ilifanya umbo la lile neno, akajaribu tena, na hakuna kilichotoka. Sikitu alikuwa na mkate mpaka kooni. Hakuweza kupiga kelele, wala kumwambia mtoto kwamba ameona. Alimkumbatia tu, akatazama mgongo wa Msafiri, akahesabu vitu vya karibu anavyoweza kumpiga navyo.

Lakini Msafiri alikuwa amesimama. Unga ulikuwa umetimka alipoingia, sasa ulikuwa ukishuka taratibu katika mwanga, naye alikuwa akiutazama mshumaa. Nta yake ilikuwa bado mbichi. Aligeuka kushoto, akageuka kulia. Hakuruka tena. Kisha ikatoka sauti, nayo haikuwa ya mtu mzima mwenye panga. Ilikuwa sauti ya mtoto, iliyotoka mbali kama ya mtu anayesema kutoka chumba cha pili.

"Hodi?"

Jambo hilo halikuwa limepata kutokea Kumbaro. Nyuma ya rafu, mji mzima ulitetemeka. Kwa watu wale kuacha hodi bila kuiitikia ni kazi ngumu kuliko kuzuia pumzi. Mzee Shomvi machozi yalimlengalenga, mashavu yamevimba kwa mkate kama mtu mwenye jino bovu.

"Hodi hapa?"

Pandu akamziba Zena mdomo, Zena akamziba Pandu. Sikitu aliusikia ule mwanzo wa sentensi yake, "Karibu mgeni," ukimpanda kifuani, akauma mkate mpaka meno yakauma.

"Hodi, wenyewe?"

Halafu kukasikika sauti nyingine, mbali zaidi, ya mwanamke aliyeshinda kutwa kazini.

"Wewe! Unampigia nani hodi huko?"

"Kuna nyumba hapa, mama. Mshumaa unawaka lakini hapana mtu."

Sikitu alilisikia neno lile likisemwa na mtoto wa mwenzake, akazidi kumkumbatia Mwaija.

"Umepiga ngapi?"

"Tatu."

"Wameitika?"

"Hawajaitika."

"Basi toka kwa watu, uje ule. Na hicho ulichotia mkobani? Nimekuona."

"Kitabu. Ni mchezo tu, mama."

"Mchezo na nini? Ni cha nani?"

"Sijui."

"Hujui cha nani, na umekibeba. Kirudishe hapohapo ulipokitoa. Ugali unapoa."

Msafiri akashusha pumzi ndefu, ile ya mtoto aliyeshindwa. Akatia mkono mkobani, akakitoa kitabu chekundu, akakiweka mezani chini ya mshumaa, akakifungua. Akatoka kinyumenyume, hatua kwa hatua, na alipofika nje akajaribu kuufunga mlango. Ukaanguka. Akauinua, akauegemeza vizuri kwenye bawaba yake moja, akaenda zake.

Hakuna aliyethubutu kusogea. Ndipo Mwaija alipojichopoa mikononi, akakimbia mpaka mezani, akainama juu ya kitabu.

"Mama," alisema. Halafu akakunja uso. "Mama, ameweka ukurasa wa nzige. Mimi nilikuwa kwenye mchwa."

Watu walitema mikate. Wengine walicheka wakakaa chini sakafuni kwenye unga, wakainuka weupe kama waliofufuka. Mzee Shomvi alikimbilia mlangoni akaitikia karibu mara tatu kwa barabara tupu, kuondoa lile deni moyoni. Sikitu alikaa juu ya kiti cha kwanza alichokipata. Mwaija akamweleza habari za mchwa tangu mwanzo hadi mwisho, na Sikitu hakumwambia ampe nafasi apumue mpaka alipofika kwenye nyuki.

Yule mtoto wa ng'ambo alikwenda kuwasimulia wenzake, nao wakawasimulia wengine. Kila aliyesimulia aliongeza lake. Wakasema maktaba ile ni ya kale mno. Wakasema ukichukua kitabu pale mshumaa utazimika na usiku utaota ndoto mbaya. Habari hiyo haikutungwa na mtu wa Kumbaro, lakini pia hakuna mtu wa Kumbaro aliyeikanusha. Pandu alimposa Zena upya, safari hii kwa maneno ya kitabu cha ufugaji wa mbuzi, na Zena akakubali, akisema haya angalau yanaeleweka.

Na tangu siku hiyo, Msafiri akikaribia maktaba ya Kumbaro, watu hukusanya vikombe vyao, hujaza vinywa mkate, na kuhamia nyuma ya rafu. Vumbi lile jeupe ni unga, na huchekechwa upya kila asubuhi. Vipande vya mkate vyenye alama za meno, mnavyovikuta sakafuni mkadhani ni vya panya, si vya panya. Na mshumaa hauzimwi, kwa sababu ndio uliomfanya yule mtoto apige hodi.

Siku hizi kando ya mshumaa mtakuta pia mkate mzima, wa moto, umefunikwa kwa kitambaa safi. Huo Sikitu humwekea yule mwanamke wa ng'ambo, ambaye hamjui jina wala sura, kwa vile siku ile hakupata nafasi ya kumshukuru. Kwa hiyo ukifika pale, piga hodi mara tatu. Wasipokuitikia, usikasirike, wana mkate kinywani. Vitabu viache. Mkate chukua, umpelekee mama yako.